Kibegi cha kiunoni kwa msaidizi wa kambi ya watoto: kinapofaa na kinapokwaza

Kijana anayesaidia kwenye kambi ya watoto ya kutwa hahitaji vifaa vingi. Anahitaji mikono mitupu na macho yasiyobanduka kwa watoto, na hapo ndipo begi la mgongoni linapomwangusha: kila akitaka plasta lazima alivue, ainame, apekue, huku kundi zima limebaki bila mtu wa kuliangalia. Kibegi cha kiunoni cha polyesta, chenye ujazo wa lita 2 hivi, mkanda wa upana wa sentimita 4 na mifuko mitatu ya zipu, kinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Mtihani wake ni kuchuchumaa. Msaidizi anayejua kazi hazungumzi na mtoto wa miaka mitano akiwa amesimama wima. Hushuka mpaka macho yakutane, na hilo hulifanya kutwa nzima. Kibegi kikivaliwa mbele hubanwa kati ya mapaja na mbavu, zipu ikamchoma tumboni. Kikivaliwa nyuma, watoto watakifungua bila yeye kujua. Pahali pake ni ubavuni, juu kidogo ya nyonga, upande wa mkono asioutumia sana, ili mkono wa kazi uifikie zipu kwa kupita mbele ya tumbo. Vile vyenye mkanda mwembamba, wa sentimita 2.5, usivinunue hata kama ni bei ya kutupa. Ukikimbia mkanda hujikunja, unakata kiuno, na kibegi kinarukaruka.

Kifungio cha kubana pande mbili ni imara, ila kina mlio mtamu ambao watoto wa miaka minne hadi sita hawawezi kuuacha. Ncha ya mkanda inayobaki ikunje uibane kwa mpira. Ikining'inia itavutwa tu.

Mfuko wa mbele ni wa orodha ya majina na penseli fupi, basi. Orodha ikikaa humo unaweza kuhesabu watoto bila kutafuta chochote: kabla ya kuondoka sehemu moja, mnapofika nyingine, kila mkitoka chooni, kila mkimaliza kuogelea. Hesabu kwa kugusa jina kwenye karatasi huku ukimwangalia mwenyewe usoni. Idadi peke yake hudanganya, maana mtoto wa kundi jingine akiingia kwenye mstari wenu huziba pengo la aliyepotea. Karatasi itie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Jasho hufuta wino ndani ya saa chache.

Mfuko mkubwa unatosha plasta kumi, vipande vinne vya shashi, jozi mbili za glavu, pakiti ya tishu, na kamba moja ya viatu ya akiba. Glavu zikae juu kabisa. Pua ya mtoto ikianza kutoka damu, utazitaka kabla ya kitu kingine: mkalishe, ainamishe kichwa mbele, abanwe sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia, apumue kwa mdomo. Wengi humwinamisha nyuma, damu ikashuka kooni, akatapika. Wengine huachia kila dakika kuchungulia kama imekoma, na hapo hesabu inaanza upya. Mwite kiongozi mtu mzima mapema, usisubiri ikushinde.

Dawa zisiingie humo, hata ya kutuliza maumivu. Kutoa dawa ni kazi ya mtu mzima aliyekabidhiwa, na kibegi kinachofunguliwa mara kwa mara mbele ya watoto si pa kuziweka. Pipi na karanga nazo hapana: wapo watoto ambao mwili wao hauzivumilii karanga hata kidogo, na makombo hubaki kwenye mshono wa chini hata ukikung'uta.

Kipyenga kidogo kilichotiwa kwenye kifungio ni pambo zaidi kuliko kifaa. Sauti yake haivuki uwanja. Nunua kingine kisicho na gololi ndani, kwa sababu gololi hukwama kwa mchanga au mate. Kamba ya shingoni iwe ya kuachia yenyewe ikivutwa kwa nguvu, kwani watoto huning'inia.

Kinachoharibika kwanza ni zipu. Mchanga ukichanganyika na losheni ya jua hugeuka uji mzito unaokaa kwenye meno, na kuilazimisha ndiko kunakoivunja. Sugua kwa mswaki mkavu, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, anika kivulini, kisha pitisha mshumaa juu ya meno. Usikitie kwenye mashine yenye maji ya moto. Utando wa ndani unaozuia maji hubanduka vipande vipande. Mfuko wa wavu wa pembeni hauna kazi ya maana isipokuwa kukusanya majani.

Mfuko wa tatu, unaogusa mwili, hutosha simu. Iingie humo asubuhi, zipu ifungwe, itoke watoto wote wakishachukuliwa na wazazi wao au kwa dharura aliyoiagiza kiongozi. Kwa matumizi hayo kibegi kinastahili nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na zipu.