Makoti ya mitumba Karume: nimevaa miaka mitatu Dar na Njombe, haya ndo maoni yangu

Jamani mnaoniuliza kila siku haya makoti natoa wapi, leo nawajibu wote kwa pamoja. Karume, pale Ilala, kwenye mitumba. Yote matatu.

Kazi yangu inanipeleka Njombe karibu kila mwezi. Dar natoka jasho linatiririka, nikishuka stendi Njombe alfajiri ya mwezi wa saba mdomo unatoa moshi, ule mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Mwaka wa kwanza nikakimbilia duka moja hapa mjini nikanunua jaketi jipya la ngozi, laki na nusu, yani nilijua nimemaliza. Miezi mitano tu kola ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, mara viwiko navyo, kumbe ni plastiki imebandikwa juu ya kitambaa. Kulirudisha naambiwa mali ikishauzwa hairudi. Iliniuma sana maana ile hela niliidunduliza.

Ndo jamaa yangu akanipeleka Karume, tena mwezi wa pili, jua kali. Na hapo ndo siri ilipo: Dar mwezi wa pili nani anagombania koti la sufu? Wanaofungua robota wanataka litoke, wewe unachagua kwa nafasi.

Kitu cha kwanza angalia MABEGA. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia, basi. Mikono mirefu fundi anakata, kiuno kikubwa anabana, bitana ikichanika anaweka nyingine, lakini bega likizidi itabidi alifumue koti zima na hiyo gharama inapita bei uliyonunulia. Halafu lijaribu ukiwa na suweta ndani, inua mkono kama umeshika bomba kwenye daladala, likikubana mgongoni achana nalo hata kama ni zuri vipi. Ligeuze ndani nje, nusa kwapa, liinue kwenye mwanga uone kama nondo hawajatoboa.

Langu ninalolipenda kuliko yote ni trenchi koti la kaki. Nililikuta chini kabisa ya rundo, limekunjamana, kifungo kimoja kinaning'inia kwa uzi, mkanda upo. Nikapitisha kidole kwenye kitambaa nikaona ile mistari midogo ya mshazari, nikajua hii gabadini. Hicho kitambaa alikibuni Thomas Burberry kule Uingereza mwaka 1879, kinafumwa kwa kubana sana kiasi maji ya mvua yanateleza ila mwili unapumua. Langu sio la Burberry lakini kitambaa ni cha namna ileile, nimepigwa na mvua za Njombe shati likabaki kavu. Na vile vikanda vya begani sio urembo tu, maafisa wa jeshi la Uingereza waliyavaa haya kwenye mahandaki vita kuu ya kwanza na hapo ndo walikuwa wanaweka alama za cheo. Muuzaji alianza na 40, nikamwambia bosi wangu kifungo hiki kinadondoka, tukamalizana elfu 25. Fundi akachukua elfu 8, akapunguza mikono na kukaza vifungo vyote.

La pili ni bleiza ya bluu nzito, sufu. Hii ukiwa nayo na jinzi unaenda kikaoni, na kadeti unaenda harusini, Jumapili kanisani. Ukiwa na hela ya koti moja tu anza na hili, nyeusi iache, nyeusi inapauka haraka na inaonyesha kila vumbi. La tatu la jinzi, la kawaida tu, la kupandia bodaboda usiku.

Sufu usiiloweke kwenye maji ya moto, itasinyaa kama ya mtoto. Piga brashi, anika kivulini, ning'iniza kwenye henga pana.

Kuna siku nilikuta koti la twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, kahawia imechanganyika na kijivu, ndani lebo yenye duara la dunia na msalaba juu yake. Hiyo Harris Tweed, inafumwa kwa mkono majumbani kwa watu wa visiwa vya Outer Hebrides huko Uskochi, hadi kuna sheria ya 1993 inayoilinda. Moyo ulidunda jamani. Nikalivaa, mabega yakanizidi vidole vitatu kila upande. Nikalivua, nikalivaa tena, yaleyale. Nikakumbuka mzee wetu wa ofisini Njombe, yule ana mabega kama mlango, nikampigia palepale akasema mwanangu chukua. Elfu 18. Fundi hakugusa kitu, na toka mwezi wa sita ulivyoingia sijamkuta asubuhi bila lile koti.