Tamthilia ya kudumu: kituo cha kawaida au mtandaoni?

Wapenzi wa tamthilia za Marekani hawaishi kubishana: mbona siku hizi hazizaliwi mpya za kudumu miaka 20? Chukua mbili. Law & Order, ya kesi za polisi na mahakama, ilianza kwenye kituo cha televisheni cha NBC mwaka 1990, na iliposimamishwa 2010 ilikuwa na sehemu 456. Stranger Things ya Netflix, inayoonyeshwa mtandaoni, ilianza 2016, ikaisha 2025 na sehemu 42.

Kwa wingi na mazoea, NBC inashinda bila jasho. Kwa kawaida kesi inaanza na kuisha usiku huohuo. Mwigizaji akiondoka, analetwa mpelelezi mwingine na kazi inaendelea. Tena marudio yaliuzwa kwa vituo vingine, kwa hiyo tamthilia ilizidi kulipa kadiri ilivyozeeka. Mtandaoni mapato hayo ni finyu, huku mishahara ya nyota ikipanda kila msimu.

Kwa picha na ukubwa wa hadithi, Netflix iko mbali sana. Ila msimu wa tatu ulitoka 2019, wa nne 2022. Korona ilichangia, sikatai, lakini watoto walioigiza humo walikuwa wameshakuwa watu wazima.

Vituo navyo ni waoga wa kujaribu hadithi mpya kabisa, na si leo: NCIS, tamthilia ya upelelezi ya 2003, ilichipuka kutoka tamthilia nyingine iliyokuwepo, JAG.

Una hadithi yenye mwisho wake? Peleka mtandaoni. Wahusika wako wakiweza kubadilishwa bila hadithi kuanguka, bisha hodi kituo cha kawaida. Mtazamaji anayetaka kitu cha kuwasha huku anasukuma chapati, msimu wa kumi wa kesi za polisi unamtosha kabisa.