Miche ya mawaridi yanayonukia: mwaka mmoja baada ya kununua

Mwezi Juni mwaka jana nilinunua miche minne ya mawaridi katika kitalu kimoja kando ya barabara ya Iringa, kila mche kwa shilingi 15,000, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba yote hukua kwa vichaka na yote hunukia. Sasa imetimiza mwaka na ushei bustanini kwangu Ilazo, Dodoma, na ninaona kuwa miche ilikuwa bora kuliko maelezo niliyopewa.

Nilipopasua viriba nilikuta mizizi hai, isiyojiviringisha, na sehemu iliyobebeshwa, yaani pale waridi lilipounganishwa na shina la mche mwingine, ilikuwa imeshikana imara. Mche wenye lebo ya Mister Lincoln, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1964, ulichanua Septemba: ua jekundu lililokolea mno, ambalo saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, harufu yake ilinifikia dirishani jikoni. Ikifika saa sita mchana, ililazimu kuinama mpaka pua iguse ua.

Mche wa nne ndio ulionikera. Una mashina marefu yaliyonyooka na maua yasiyo na kasoro, lakini haunukii hata kidogo. Nadhani ni wa jamii ya mawaridi ya kukatwa, yanayolimwa katika vitalu nyumba kama vile vya Arusha, ambako ua hupendewa kudumu siku nyingi chomboni kuliko harufu yake. Nilipolalamika, muuzaji alicheka: "Mama, ua ni ua."

Ushauri wake wa kunyunyizia majani maji kila jioni nao ulinigharimu. Mvua za Januari zilipoongezeka juu ya unyevu huo, madoa meusi yalienea, na kufikia Februari vichaka viwili vilibaki vijiti. Tangu hapo humwagia shinani tu, ndoo ya lita kumi kwa kila kichaka mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, juu ya samadi iliyooza na matandazo ya mabua ya uwele, kwa sababu upepo wa Dodoma hukausha udongo upesi. Wala hakuniambia ning'oe machipukizi yanayoota chini ya sehemu iliyobebeshwa, ambayo nusura yaumeze mche mmoja.

Nitarudi kununua mingine mitatu. Safari hii nitakwenda asubuhi, miche ikiwa na maua, na nitanusa mmoja mmoja kabla ya kufungua pochi.