Darasa la jioni la Kifaransa hapa Lubumbashi: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na soko la Kenya (huo ni mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), na katika kazi hii kila mteja anataka kujua jambo moja: lini. Bei tutapatana, mtindo tutachagua pamoja, lakini lini lazima isemwe sawasawa. Kwa Kiswahili sina shida. Wateja wa maofisini ndio hupiga simu kwa Kifaransa, na kwa miaka mingi niliitikia "oui, oui" kwa maneno niliyoyashika nusu nusu.

Kilichonipeleka darasani kilitokea Ijumaa, tarehe 21 Februari 2025. Akina mama wa ofisi moja waliniletea vitenge vya siku ya wanawake ya Machi 8, nguo kumi na mbili. Kiongozi wao akaniambia akiwa anatoka, "On va passer les prendre dans quinze jours, vers neuf heures," yaani watapita kuzichukua baada ya "siku kumi na tano", kama saa tatu asubuhi. Nikahesabu siku kumi na tano, nikaangukia Jumamosi tarehe 8 yenyewe. Nikaona ni sawa, watakuja asubuhi, wazivae hapa hapa, waende. Ijumaa tarehe 7, saa tatu asubuhi, wako mlangoni. Nguo saba zilikuwa tayari. Tano hazijapindwa pindo, na mbili kati ya hizo hazina hata mikono. Yule mama hakupandisha sauti. Alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi jioni nikizimaliza, akalipa, na hajarudi tena.

Mwezi wa nne nikajiandikisha kwenye darasa la watu wazima linalofanyika katika ukumbi wa parokia, mara mbili kwa wiki, dola 15 kwa mwezi. Mwalimu wetu ni mstaafu wa shule ya sekondari. Sisi wote tulimwita Papa Mwalimu. Nilichagua somo lake kwa sababu muhula ule mzima ulihusu mipango ya karibu na saa za kukadiria. Hakuna mashairi, hakuna historia. Unajifunza kusema utafanya nini na utakifanya saa ngapi.

Wiki ya kwanza nilimsimulia habari ya nguo zangu. Akachora kalenda ubaoni, akaweka kidole kwenye Ijumaa ile ya tarehe 21 na kuanza kuhesabu: moja. Leo yenyewe ndiyo ya kwanza. Akafika Ijumaa tarehe 7 akasema kumi na tano. Mfaransa akisema "quinze jours" anamaanisha wiki mbili, na akisema "huit jours" anamaanisha wiki moja, kwa hesabu hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Niliandika kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari, na ukurasa huo sasa nimeubandika ukutani juu ya cherehani.

Msingi wa somo ni kile wanachokiita "futur proche", yaani wakati ujao wa karibu: unachukua kitenzi "aller" (kwenda) na kukifuatisha na kitenzi kisichobadilika. "Je vais coudre", nitashona. "Nous allons livrer", tutapeleka. Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili ni rahisi kuumbika mdomoni, maana hata sisi husema "naenda kushona". Ugumu uko kwingine. Kiswahili kina "-ta-" moja tu, na inabeba yote mawili, "je vais coudre" na "je coudrai". Papa Mwalimu alitufafanulia hivi: la kwanza ni jambo ambalo tayari umelikusudia, kitambaa kiko mezani na mkasi mkononi; la pili linaweza kuwa mbali, au ni ahadi. Tangu hapo nasikiliza mteja anatumia lipi. Akisema "je passerai" (nitapita, siku moja), sikatizi nguo ya mtu mwingine. Akisema "je vais passer" (napita karibuni), nawasha pasi.

Kilichonisumbua zaidi ni "-ki-" yetu. Tunasema "kitambaa kikifika nitakata" na tumemaliza. Kifaransa kinakulazimisha uamue. Kama una hakika kitafika, unasema "quand le tissu arrivera", na kitenzi kinakuwa cha wakati ujao. Kama huna hakika, unasema "si le tissu arrive", na kitenzi kinabaki cha sasa. Nilikosea hapo wiki tatu mfululizo, na bado naweza kukosea nikiwa na haraka.

Kwa fundi, somo la "dans" na "en" peke yake linalipa ada yote. "Je vais finir la robe dans deux jours": nitaimaliza baada ya siku mbili, uje keshokutwa. "Je vais finir la robe en deux jours": itanichukua siku mbili kuishona, na sijasema naanza lini. Nilikuwa nikiyachanganya kila siku, na wateja wakinihesabu kuwa mwongo.

Halafu maneno ya kukadiria. "Vers" unaliweka mbele ya saa: "vers dix heures", kama saa nne hivi. "Environ" linafaa sana kwa kiasi na muda: "environ trois mètres", "environ deux heures". "D'ici jeudi" maana yake kabla Alhamisi haijapita, na mteja ana haki ya kuja kudai siku hiyo. Kuna pia mkia wa "-aine": "une dizaine" ni kama kumi, "une vingtaine" kama ishirini, "une quinzaine" kama kumi na tano, au hizo wiki mbili zetu. Lakini "une douzaine de boutons" dukani ni vifungo kumi na viwili kamili. Wala si kila namba inapokea mkia huo. Ukisema "onzaine" kwa kumi na moja, watu watakushangaa.

"Tout à l'heure" ilituchukua jioni nzima. Inaweza kuwa muda mfupi uliopita au muda mfupi ujao, na kitenzi ndicho kinachokuambia: "je l'ai vu tout à l'heure", nimemwona sasa hivi, "je vais le voir tout à l'heure", nitamwona baadaye kidogo. Papa Mwalimu alituonya pia kwamba Kifaransa chetu kilikuja na Wabelgiji, ndiyo maana tunasema "septante" (sabini) na "nonante" (tisini), na kwamba akija mteja kutoka Ufaransa akasema "soixante-dix" (sitini na kumi), tusidhani anataja namba mbili: naye anasema sabini.

Kuhusu saa zenyewe, kila mtu anajua saa tatu ni "neuf heures", lakini kujua si kuandika. Binti ninayemfundisha kushona alikuwa akisikia "neuf" na kuandika "saa 9" kwenye daftari la wateja. Mimi nikisoma naelewa saa tisa alasiri. Sasa daftari lina safu mbili, moja ya saa zetu na moja ya Kifaransa, na zote zinajazwa. Kwa mteja wa Kinshasa tunaongeza neno "Kin", maana wao wako nyuma yetu saa moja.

Yasiyonipendeza yapo. Darasa lilikuwa na watu wa viwango tofauti mno. Kijana aliyemaliza sekondari alikaa benchi moja na mama asiyesoma vizuri, na mara nyingi yule mama aliachwa nyuma. Hilo linaniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyehitaji darasa kuliko sisi wote. Tunamaliza saa moja na nusu usiku, giza limeshaingia, na kwa wanawake wanaorudi kwa miguu hiyo si saa nzuri. Mwezi wa sita baridi ya ukumbi ule inaingia mpaka kwenye mifupa, chukua sweta. Pia hatukufanya mazoezi ya kutosha ya simu, na ni kwenye simu ndiko Kifaransa kinakwenda mbio.

Hata hivyo ningelipa tena. Mwezi wa nane, msimu wa sare za shule, mteja alinipigia akauliza "Vous allez finir quand?", utamaliza lini? Nikamjibu, "D'ici jeudi. Passez vers seize heures." Kwenye daftari nikaandika: Alhamisi, saa kumi jioni, 16h. Sare zilikuwa ishirini na mbili, bluu na nyeupe, na saa tisa na nusu ya Alhamisi hiyo nilikuwa nakaza kifungo cha mwisho.

Muhula unaofuata ni wa wakati uliopita. Nimeshalipa mwezi wa kwanza, na yule mama wa darasani aliyekuwa akiachwa nyuma nimemwambia akae karibu nami.