Mgahawa wa kando ya soko la Mwanga: mgebuka, chai na ubao wa viti vya Bunge

Mgeni wa Kigoma mjini anayependa kula huku akifuatilia siasa nampeleka bila kusita katika mgahawa huu mdogo ulio kando ya soko la Mwanga. Chakula chake ni kizuri: samaki aina ya mgebuka aliyepikwa kwa mawese amekolea viungo, na ugali wa muhogo huletwa ukiwa wa moto, ingawa wali huisha mapema na wanaochelewa huambulia chapati na maharage.

Kilichonifanya niandike hasa ni ubao mweusi uliotundikwa chini ya televisheni. Mwenye mgahawa, ambaye wateja wote tunamwita Mama, huandika hapo kwa chaki hesabu za uchaguzi unaozungumzwa, na anayetaka kubishana hutakiwa kwanza kuusoma. Thamani ya utaratibu huu niliiona baada ya uchaguzi wa Afrika Kusini wa tarehe 29 Mei 2024, ambapo ANC, chama cha Rais Cyril Ramaphosa kilichokuwa na wingi wa viti vya Bunge tangu mwaka 1994, kiliambulia takriban asilimia 40 ya kura na viti 159 kati ya 400. Ubaoni palisomeka vyama na viti vyao: ANC 159, DA 87, MK 58, EFF 39 na IFP 17, na chini kabisa, kwa tarakimu kubwa, 201, yaani viti vinavyotosha kuwa na wingi Bungeni.

Wazee waliosisitiza kwamba Ramaphosa ameshashinda kwa kuwa chama chake kinaongoza walijibiwa kwa heshima: “Wazee wangu, kule rais hachaguliwi na wananchi moja kwa moja kama huku kwetu. Wabunge ndio wanaomchagua.” Hapo kila meza ikaanza kujumlisha. ANC na EFF walifika 198, pungufu ya viti vitatu tu. Wakiongezwa MK wanapata 256, lakini chama hicho cha rais wa zamani Jacob Zuma hakikutaka Ramaphosa aendelee. ANC na DA peke yao walikuwa na 246. Sijapata kuona mjadala wa siasa ukitulia namna ile, kila mtu akitetea hoja yake kwa namba zilizo mbele ya macho ya wote.

Mama alisaidia pia kutenganisha mambo ambayo vijiweni huchanganywa. Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama shindani kutawala pamoja, tunaijua kutoka Zanzibar, ambako mfumo huo umo ndani ya Katiba tangu marekebisho ya mwaka 2010, ilhali ile ya Afrika Kusini ya 2024 ilitokana na makubaliano ya vyama baada ya matokeo kutoka. Kwa hiyo Bunge lilipoketi tarehe 14 Juni na kumchagua Ramaphosa kwa kura 283, DA na IFP wakiwa upande wake, wateja walielewa kura hizo zimetoka wapi.

Kasoro zipo. Mabenchi ni membamba, na mashine ya kusaga ya jirani humeza sauti ya televisheni. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba hesabu hazihifadhiwi popote. Baraza la mawaziri lilipotangazwa tarehe 30 Juni, John Steenhuisen wa DA akipewa Kilimo, ubao ulikuwa umeshafutwa ili kuandikwa bei za vyakula, nasi tuliotaka kulinganisha wizara za kila chama na viti vyake tulikosa pa kutazama. Namwomba Mama aweke daftari la kunakili hesabu hizo, hata likikaa pale mezani anapopokelea pesa.