Kumbembeleza mwizi wa mume, au kumpasha?

Wimbo "Jolene" wa Dolly Parton ulitoka 1973, ukashika namba 1 kwenye chati ya muziki wa kantri Marekani. Humo mke anajishusha: anamsifu hasimu wake, nywele rangi ya moto, macho ya kijani, kisha anamsihi amwachie mumewe. Gitaa linakwenda mbio kama moyo wenye hofu.

Loretta Lynn, mwimbaji mwingine wa kantri, 1966, hambembelezi mtu. Katika "You Ain't Woman Enough" anamwambia mwizi usoni kwamba hana ubavu huo. Wimbo huo uliishia namba 2 kwenye chati hiyo hiyo. Sisi tuliokulia kwenye mipasho ya taarabu tunamwelewa mara moja. Ukumbini angetunzwa noti mpaka zimwagike!

Lakini usiku, nikiwa peke yangu, naweka "Jolene".