Lenzi ya Kupigia Picha Wanyamapori Kwenye Jua Kali la Nyanda za Juu Kusini: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mtu anayeondoka Iringa mjini alfajiri kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha husafiri kilomita zipatazo 130, na hadi anapomaliza taratibu za getini jua limeshapanda. Mwanga laini wa mapambazuko, ambao kila mpiga picha huusifu, umemkuta bado yuko barabarani, na saa zote atakazokaa na wanyama, kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri, zitakuwa saa za jua kali. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu aliyewaleta wanafunzi, kwa mtumishi aliyepata Jumamosi moja, na kwa mkazi wa Mbeya aliyepanda Kitulo kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Miongozo mingi ya ununuzi humfikiria mtu anayelala hifadhini na kutoka kabla ya kupambazuka, na ushauri unaomfaa huyo unaweza kumpotezea mwenzake fedha nyingi. Huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaofika jua likiwa limekwisha kukomaa.

Ruaha iko kusini mwa Ikweta, na makao makuu yake ya Msembe yako kati ya nyuzi 7 na 8, hivyo karibu na katikati ya Oktoba jua la saa sita mchana hupita takriban utosini. Wakati huo ndio ukingoni mwa kiangazi, ambapo tembo, nyati, twiga na swala pala hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki ya Mto Ruaha Mkuu, kwa hiyo wanyama ni wengi pale ambapo mwanga ni mbaya. Mgongo wa mnyama huungua kwa weupe, tumbo lake huzama gizani, na jicho, ambalo ndilo roho ya picha yoyote ya mnyama, hubaki shimo jeusi chini ya kivuli cha nyusi. Mwezi Juni hali ni afadhali kidogo, kwa kuwa jua la mchana huegemea kaskazini na kuacha mwanga fulani uingie ubavuni mwa mnyama.

Hali hiyo inabadilisha kabisa hesabu za ununuzi. Lenzi zenye tundu pana, kama f/2.8 na f/4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), huuzwa kwa bei kubwa kwa sababu hukusanya mwanga mahali penye uhaba wa mwanga, lakini saa sita mchana pale Msembe hakuna uhaba huo. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba kwenye jua kamili, tundu likiwa f/16, spidi ya shata, yaani pazia la kamera, huwa moja gawanya kwa ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga. Ukiweka ISO 400 na kufungua tundu hadi f/8, unapata spidi ya 1/1600 ya sekunde, ambayo inatosha kumgandisha tembo anayejirushia vumbi, tandala anayenyanyua kichwa, na ndege wengi wanaotembea. Kwa maneno mengine, lenzi ya f/8 ambayo wauzaji huiita dhaifu haina udhaifu wowote katika mwanga huu.

Jambo la pili ni mazigazi. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake huchemka na kupinda mwanga, na mnyama aliye mbali huonekana kama yuko nyuma ya maji yanayotiririka. Hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kurudisha undani uliokwisha kuvurugwa na hewa kabla ya kuifikia, na kadiri lenzi inavyovuta zaidi ndivyo inavyoukuza huo mvurugiko. Mtu anayenunua lenzi ya milimita 600, yaani inayovuta mbali sana, ili ampige simba aliyelala ng'ambo ya mto mkavu saa saba mchana atarudi na picha ya manyoya yaliyoyeyuka. Kwa hiyo, katika saa hizi, sifa ya kwanza ninayoitafuta katika lenzi ni uwezo wa kufanya kazi karibu: mnyama aliye mita tano hadi ishirini kutoka dirishani, na wakati mwingine aliye chini ya mita mbili.

Kwa sababu hizo nafasi ya kwanza naipa lenzi ya milimita 100 hadi 400, na siipi kwa kusitasita. Kwa mwenye kamera ya Canon ya mfumo mpya usio na kioo cha ndani, Canon RF 100-400mm f/5.6-8, iliyotoka mwaka 2021 kwa karibu dola 650 za Marekani, ndiyo ningeinunua kabla ya nyingine zote. Uzito wake ni gramu 635 tu, na ikifungwa kwenye kamera ya Canon R10, yenye fokasi (ulengaji wa ukali wa picha) inayotambua na kufuata jicho la mnyama, vyote viwili havizidi sana kilo moja, uzito ambao mtu anaweza kuushika siku nzima bila mkono kutetemeka. Lenzi hii hufokasi kuanzia sentimita 88, na kitu kidogo hukikuza kwenye sensa, yaani kipokea mwanga cha kamera, hadi zaidi ya theluthi moja ya ukubwa wake halisi. Maana yake ni kwamba pimbi anayeota jua juu ya mwamba kando ya barabara, ambaye magari mengi humpita kwa haraka yakimkimbilia simba, anajaza fremu yote: unaona sharubu zake ndefu, ukucha wa mguu, na mchanga ulionasa kwenye manyoya ya kidevu. Kwa umbali huo mdogo mazigazi hayana nafasi, na mwamba wenyewe hurusha mwanga kutoka chini na kumwangaza usoni, jambo ambalo tembo aliye kwenye nyasi kavu hawezi kulipata kirahisi. Lenzi hiyohiyo humfaa mtu wa Tukuyu anayepiga picha vinyonga kwenye vichaka vya Rungwe.

Kasoro zake zipo na mnunuzi azijue. Haikuzibwa dhidi ya vumbi na maji, na boksi lake halina kikinga jua cha mbele, ambacho hununuliwa peke yake. Usikubali kuondoka dukani bila kikinga hicho. Jua likiwa juu, mwanga wa pembeni huingia kwenye kioo cha mbele na kuifanya picha nzima ipauke kama iliyomwagiwa maziwa, na pete hiyo ya plastiki hutibu tatizo hilo kuliko filta yoyote. Mwenye kamera ya Canon ya zamani ya DSLR, yaani yenye kioo cha ndani, aitafute Canon EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS II ya mwaka 2014, iliyotumika lakini ikiwa katika hali nzuri. Ina uzito wa takriban kilo moja na nusu, hufokasi kuanzia sentimita 98, na imejengwa kwa ajili ya vumbi. Mwenye Nikon ya DSLR anaweza kuchukua Sigma 100-400mm Contemporary, ingawa hiyo huhitaji kukaa mita 1.6 mbali na mnyama.

Nafasi ya pili ni ya lenzi za hadi milimita 600 ambazo hazirefuki zinapovuta. Mbili zinazojulikana ni Sony FE 200-600mm ya mwaka 2019 na Nikon Z 180-600mm ya mwaka 2023, zote zenye tundu la f/5.6 hadi f/6.3. Kutorefuka si jambo la urembo. Lenzi inayorefuka hunyonya hewa kila inapovutwa, na hewa ya njia za Ruaha mwezi Septemba ni vumbi tupu. Baada ya misimu kadhaa utaliona limejipanga ndani ya vioo. Kati ya hizo mbili ningechagua ya Nikon, kwa sababu ikiwa kwenye milimita 180 hufokasi kuanzia mita 1.3, ilhali ya Sony huhitaji mita 2.4. Zote zina uzito wa kilo mbili na ushei, na zilitoka kwa bei ya kati ya dola 1,700 na 2,000. Anayelala hifadhini, au anayekwenda Kitulo kupiga tandawala na mbayuwayu wa buluu, ambako uwanda ulio juu kiasi cha mita 2,600 una baridi na asubuhi hewa yake hutulia, anaweza kuigeuza orodha yangu na kuiweka hii kwanza. Ndege hawatakusubiri dirishani kama pimbi.

Ya tatu ni Sigma 150-600mm Contemporary au Tamron SP 150-600mm G2 iliyotumika, pamoja na Nikon 200-500mm f/5.6, kwa wale wanaobaki na DSLR. Ni lenzi nzuri kwa fedha yake na zinapatikana kwa wingi kwa sababu watu wengi wanahamia mfumo mpya. Sigma hufokasi kuanzia mita 2.8, umbali ambao ni mkubwa kwa kazi ya karibu, na Tamron na Nikon huanzia mita 2.2.

Ya nne ni kamera zenye lenzi isiyobadilishwa. Sony RX10 IV, yenye uvutaji unaolingana na milimita 24 hadi 600 na sensa ya inchi moja, ni chombo kimoja kinachopiga mandhari, tembo na mjusi bila kufungua chochote, na vumbi halipati mlango wa kuifikia sensa kirahisi. Nikon P950, iliyotoka mwaka 2020 kwa karibu dola 800, huvutia watu kwa uvutaji unaolingana na milimita 2,000, na hapo ndipo ninapomwomba mnunuzi awe mwangalifu. Sensa yake ni ndogo sana, hivyo haiwezi kubeba tofauti kubwa ya mwanga na kivuli, ambayo ndiyo shida yenyewe tunayotaka kuitatua, na milimita 2,000 kwenye mazigazi ya mchana hazina kazi. Inamfaa mtu anayetaka kumtambua ndege na kuweka kumbukumbu, na kwa hilo inastahili sifa.

Mwenye bajeti ndogo kabisa asikate tamaa: Canon EF-S 55-250mm IS STM, yenye gramu 375 na inayofokasi kuanzia sentimita 85, itamletea picha nzuri za wanyama wa kando ya barabara. Lenzi kubwa za f/2.8 na f/4 za milimita 400 na 600 naziweka mwisho kwa kazi hii, si kwa ubaya, bali kwa sababu bei yake inanunua giza la alfajiri na la msituni, na sisi tunazungumzia jua.

Kuhusu kamera yenyewe, kigezo changu ni sensa inayohifadhi undani wa vivuli. Mfikirie yangeyange mweupe amesimama juu ya mgongo wa nyati saa sita mchana. Ukipima mwanga kwa ajili ya nyati, yangeyange anakuwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja, na hakuna programu itakayomrudisha. Ukipima kwa ajili ya yangeyange, nyati anatoka mweusi, lakini ukiwa umepiga faili la RAW, yaani data ghafi ya sensa, unaweza kuunyanyua weusi ule baadaye ukaona tope lililokauka shingoni na hata kupe sikioni. Sensa za APS-C, yaani za ukubwa wa kati, za Nikon D7200, D7500 na Sony a6400 hufanya hivyo vizuri. Kamera yoyote utakayonunua, hakikisha inapiga RAW, na ujizoeze kupunguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua moja (hatua moja nzima hupunguza mwanga kwa nusu) palipo na kitu cheupe.

Vifaa vidogo vinavyostahili fedha ni viwili. Cha kwanza ni filta ya polaraiza, inayofuta mng'aro kwenye majani, maji na ngozi ya kiboko iliyolowa. Hula mwanga wa hatua moja hadi mbili, ambao mchana unao wa ziada, na hapa lenzi ndogo hushinda tena, kwa kuwa filta ya milimita 67 ni nafuu kuliko ya milimita 95 inayohitajiwa na lenzi nyingi za 600. Cha pili ni kifuko cha kitambaa kizito cha kuegeshea lenzi dirishani, kilichojazwa kilo mbili au tatu za maharage ya sokoni. Ndani ya gari stendi ya miguu mitatu haina mahali pa kusimama. Mwombe dereva azime injini kabla hujabonyeza, kwa sababu mtikisiko wake huonekana kwenye picha. Filta rahisi za kulinda kioo usinunue. Kwenye lenzi ndefu hupunguza ukali wa picha.

Anayenunua kilichotumika, iwe Kariakoo au kwa mpiga picha wa Mwanjelwa, aombe muda wa kukikagua. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi na uangalie kupitia mbele: nyuzi nyembamba zenye matawi ni kuvu, na lenzi zilizokaa miaka mingi kabatini Tukuyu, Mufindi au Njombe, kwenye ukungu na mvua, hupatwa nayo kwa urahisi. Kuvu ikishaingia, punguzo la bei lisikushawishi. Zungusha pete ya kuvuta taratibu mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mkwaruzo wa mchanga. Kisha piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, na ukuze pembe zote nne kwenye kioo cha kamera. Pembe moja ikiwa na ukungu wakati tatu ziko wazi, vioo vya ndani vimehama, na lenzi hiyo irudishwe palepale. Mwisho, toka nayo nje juani, mtafute mbuzi mweusi au kuku mweupe, na upige kwa umbali wa karibu kabisa unaokubalika, kwa sababu muuzaji atakuonyesha inavyovuta mbali, lakini wewe unainunua kwa ajili ya karibu.